Mkwe Harushwi

Siku ya Jumatano Mwalimu Selestina alikufa mara ishirini na tatu kabla ya chai ya saa nne, na kila alipokufa alitangaza mwenyewe.

"Nimekufa," alisema, akaweka pedi ya gemu mapajani na kumgeukia mjukuu wake kama mtu anayesubiri kupewa pole.

Pole haikutoka. Namayiana, mtoto wa miaka tisa mwenye mkono wa kushoto ndani ya plasta, alikuwa amejilaza chali kwenye mkeka akitazama mbao za dari. Alimwambia bibi yake kwamba amebonyeza kitufe kabla ya wakati, tena. Bibi akajibu kwamba yeye amebonyeza kwa wakati, kitufe ndicho kilichochelewa kusikia. Kisha akashika pedi upya, akakaa sawasawa, akaenda kufa mara ya ishirini na nne.

Gemu hilo liliingia nyumbani kwa njia ya spea. Familia moja ya wageni ilikwama Mikumi siku kumi na moja ikisubiri spea ya gari, na muda wote huo ilikaa kwenye gesti ambayo Lilian, binti yake Selestina, alikuwa mhudumu wa mapokezi. Watoto wa wageni wakazoeana na Namayiana kwa lugha ya vidole na vicheko. Siku gari lilipopona, wakamwachia mashine yao ya gemu, pedi mbili zisizo na waya, na gemu moja ndani ya boksi. Juu ya boksi kulikuwa na picha ya familia nzima imekaa kwenye kochi, baba, mama, watoto, na bibi mwenye mvi anayecheka mpaka macho yamefumba. Chini ya picha paliandikwa kwamba gemu hilo ni la watu wote, kuanzia miaka mitatu.

Selestina alikuwa amefundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini na moja, kule Mabwerebwere, Kilosa mjini, na hakuna mtoto aliyetoka mikononi mwake bila kujua kugawanya. Hiyo miaka mitatu ya kwenye boksi aliipokea kama tusi. Na yule bibi wa kwenye boksi alikuwa mwongo, kwa sababu mtu aliyelicheza gemu lile kweli hawezi kucheka namna ile.

Jina la Kizungu la gemu lilimshinda kila mtu, kwa hiyo nyumbani waliliita Vibonge. Ni vibonge viwili, kimoja chekundu na kimoja cha njano, vya mviringo, vyenye miguu mifupi, mikia miwili kila kimoja, na sura ya kuamini kila kitu. Vinatembea pamoja katika nchi iliyojaa mashimo, mawe yanayopanda na kushuka, na mabirika yenye mbawa yanayomwaga maji ya moto. Kila steji ina kondoo mmoja aliyefichwa mahali. Anayempata anaweza kumweka akawa moyo wake wa akiba, au akabonyeza kitufe cha bluu akampa mwenzake. Huwezi kumaliza steji peke yako. Kimoja kikifika na kingine kikabaki, mnarudi mwanzo wote wawili, na muziki unawacheka.

Bibi na mjukuu walikuwa wamemaliza steji nane kwa jasho na lawama. Ya tisa ilikuwa na daraja lililokatika. Pale kibonge kimoja kinatakiwa kumbeba mwenzake juu ya kichwa, kizunguke mara moja, kimrushe ng'ambo ya mto, kisha aliyerushwa ateremshe kamba haraka kabla ya samaki mwenye meno ya msumeno hajaamka. Walipofika hapo ndipo Namayiana akaanguka kutoka kwenye mpera wa jirani. Alijaribu kucheza kwa mkono mmoja na vidole vya mguu, na lazima isemwe kwamba alijitahidi, ila kubeba na kurusha kulihitaji mikono miwili. Sasa bibi alikuwa anajaribu kuruka mto peke yake, jambo ambalo mjukuu alishamwambia haliwezekani, na kibonge cha njano kilikuwa kimesimama nyuma kinakodoa macho.

Kwa nini hakuacha? Lilian alimuuliza hivyo zaidi ya mara moja, na Selestina akasema mambo ya kuchangamsha akili. Ukweli ulikuwa mwingine. Tangu mumewe, Mzee Evarist, afariki, kila mtu alikuwa anampa vitu vyepesi. Kaa mama, pumzika mama, acha hiyo ndoo mama. Gemu lile peke yake halikumwonea huruma. Lilimuua bila kujali ujane wake wala mvi zake, na kila lilipomuua alijua kabisa ni nini atakachofanya tofauti safari ijayo. Ulikuwa utamu mkubwa kujua hivyo, hata kama safari ijayo alikufa tena palepale.

Lakini muda ulikuwa umekwisha. Jumamosi saa nne asubuhi mwanawe Kasian angekuja na pikapu kumchukua, arudi shambani Masanze asirudi tena Mikumi. Mwenyewe ndiye aliyempigia simu. Kwa Lilian alisingizia kwamba mahindi yanamhitaji. Mahindi yalikuwa na Kasian na hayakuhitaji mtu mwingine. Aliyemhamisha ni mkwe wake.

Lomayani, mume wa Lilian, alikuwa fundi wa matairi ng'ambo ya barabara kuu, pale malori yanapopumzika. Alizaliwa kwa wafugaji wa kule bondeni na alikulia nyuma ya ng'ombe, lakini sasa alikuwa mtu wa jeki na tyubu, na kicheko chake kilisikika mpaka sebuleni. Alicheka na madereva wa Tunduma, akacheka na wauza vitunguu, akacheka hata na nyani walioiba mkate wa mtu. Kwa mama mkwe wake alikuwa bubu. Aliingia nyumbani kwa mlango wa nyuma. Shikamoo aliitoa kutoka upande wa pili wa ukuta, na Selestina akawa anauitikia ukuta marahaba. Chakula alikula bandani na mwenzake Saruni. Wakikutana njiani, Lomayani aliacha njia na kuingia majanini kana kwamba ameona nyati.

Lilian alishamweleza kwamba hiyo ni heshima. Kwao mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja wala hawatazamani usoni. Selestina alijibu kwamba hata kwao Masanze mkwe ana heshima zake, lakini kuna heshima na kuna kukimbia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye alikuwa na miezi mitatu mahali pale na hata jembe hakupewa. Alikuwa ameuona mgongo wa Lomayani zaidi kuliko uso wake. Moyoni aliamua kwamba mwenye nyumba hamtaki, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotaka kukubali, kwa sababu kijana mwenyewe alimpenda. Alipenda anavyomlea mtoto, anavyomsaidia Lilian kuanika nguo bila kuona haya. Alitamani kupendwa naye.

Kitu pekee alichojifunza kuhusu mkwe wake alikipata dirishani. Kila siku alimsikia akimwita Saruni "Paker," na asubuhi moja, kwa kutaka ujirani mwema, Selestina akamwamkia Saruni, "Habari za asubuhi, bwana Paker." Namayiana alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye akamfundisha bibi. Paker si jina la Saruni. Baba alimpa Saruni kondoo zamani, na kwao mtu ukishampa kondoo mnaitana Paker, aliyetoa na aliyepokea, maisha yenu yote.

"Angempa mbuzi?" aliuliza Selestina.

"Wangeitana Pakine."

"Na punda?"

"Pasigiria."

Mwalimu akalirudia somo lote mara mbili kimoyomoyo, kama alivyozoea kufanya na kila kitu kisichokuwa na kazi.

Alhamisi alasiri, alipokufa mara ambayo hakuna aliyeihesabu tena, Namayiana alisimama, akavuka barabara na plasta yake, akarudi akimvuta baba yake kwa mkono mzima. Lilian alikuwa zamu hadi jioni. Hapakuwa na mtu mwingine wa kushika pedi ya pili.

Lomayani hakuingia ndani. Alivuta kiti cha mbao barazani nyuma ya dirisha, akakaa, akasogeza pazia nusu. Kutoka pale aliiona runinga vizuri, na mama mkwe wake, aliyekaa chini ya dirisha akiwa amempa mgongo, hakumwona kabisa. Mtoto akapitisha pedi ya njano kati ya nondo za dirisha. Mikono iliyoipokea ilikuwa mikubwa, imeingia weusi wa mpira, na vitufe vyote vikapotea ndani yake. Namayiana akakaa katikati kama refa.

Mwanzo ulikuwa wa aibu. Lomayani alianza kuzungumza kupitia kwa mtoto, kama inavyofaa. "Mwambie bibi yako asubiri jiwe lishuke," alisema. Selestina alisikia vizuri, kwa kuwa dirisha lilikuwa nusu mita juu ya kichwa chake, lakini naye ana heshima zake, akasubiri aambiwe. Namayiana akageuka, akasema, "Bibi, baba anasema usubiri jiwe lishuke." Ujumbe ulipofika, bibi alikuwa chini ya jiwe.

"Nimekufa," alisema.

Baada ya ajali nne za namna hiyo, fundi akapata njia. Akaacha kusema na mtu, akasema na runinga. "Chekundu kisubiri," alisema. Selestina naye akaitazama runinga akajibu, "Chekundu kimesikia." Hapo mambo yakabadilika. Kumbe kijana alikuwa mchezaji. Hakuwa na papara. Alikaa anatazama mabirika yanavyopita, akayajua kama mtu anavyoyajua malori yake, na alipohesabu "sasa," ilikuwa sasa kweli. Kila chekundu kilipoteleza, cha njano kilikuwa kimeshafika chini yake kukidaka. Selestina alisahau goti lake linalouma. Alijikuta anainama kushoto na kulia pamoja na kibonge, akasikia nyuma yake, ng'ambo ya dirisha, kiti cha mbao kikilia kwa sababu mtu mwingine naye alikuwa anainama.

Wakafika kwenye daraja wakiwa na mioyo mitano yote. Namayiana akaruka na plasta yake.

"Baba, mbebe bibi! Mrushe!"

"Haya," alisema Selestina, damu imemchemka, akasogeza chekundu mbele ya cha njano. "Nibebe."

Kibonge cha njano kilisimama. Kikasogea hatua moja nyuma. Mtoto akapaza sauti kwamba samaki anaamka, kitufe cha kijani baba, cha kijani. Hakuna kitufe kilichobonyezwa. Samaki akaja na msumeno wake, akawafagia wote wawili, na muziki ukawacheka.

Wakarudi mwanzo, wakacheza vizuri zaidi ya mara ya kwanza, wakafika tena darajani, na Lomayani akasimama tena vilevile. Mara ya tatu Selestina hakungoja samaki. Aliweka pedi juu ya mkeka, taratibu sana, akaenda chumbani akatoa begi lake chini ya kitanda. Hata kwenye gemu. Hata kwenye gemu hataki kumgusa. Alikunja kanga zake moja baada ya nyingine, na ya tatu aliikunja ikiwa imelowa, maana alikuwa analia.

Lilian aliporudi kabla ya magharibi alimkuta mama kakaa kitandani pembeni ya begi lililojaa. Alikuwa ameshapita barazani na kuzungumza na mumewe, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejizuia kucheka msibani.

"Mama, anasema hawezi kumbeba mama mkwe wake juu juu akamrusha mtoni."

"Mimi? Ni kibonge chekundu, Lilian. Kina mikia miwili."

"Kila kikianguka unasema nani amekufa?"

Selestina akajifuta uso kwa kanga.

"Alikuwa anacheza vizuri alipokiita chekundu," Lilian aliendelea. "Halafu mtoto akasema mbebe bibi, mrushe. Na wewe ukasema nibebe. Ungesema kibebe, mama, angekibeba. Ulisema nibebe, na mtoto wake yuko hapo anaangalia. Amrushe nani mbele ya mtoto wake?"

Miaka thelathini na moja Mwalimu Selestina alikuwa amewapigia watoto mstari chini ya ki na vi, na leo silabi moja ilikuwa imemtia mtoni mara tatu. Alicheka. Alicheka bila kutaka, huku kanga imelowa, na akiwa anacheka jambo lingine lilimjia. Mtu asiyekutaka hashindwi kukurusha. Mtu asiyekutaka angekurusha mapema sana, tena kwa kitufe chochote. Hata hivyo begi hakulifungua. Kujua kwamba mtu anakuheshimu hakukufundishi namna ya kuishi naye ukutani. Alimwambia Lilian kwamba Kasian anakuja Jumamosi, na hilo halijabadilika.

Ijumaa aliamka na mpango. Angesema kibebe, wavuke mto, aondoke Mikumi akiwa mshindi. Alikunywa chai akakaa mbele ya runinga, na umeme ukakatika. Ulikatika saa hiyo ukarudi saa mbili usiku, wakati mtoto amelala na Lomayani ameitwa kwenye lori lililopasua matairi mawili kule mbugani. Siku nzima Selestina alikaa akiitazama runinga nyeusi, akibonyeza pedi bila kitu, akijifunza wakati wa kuteremsha kamba.

Jumamosi saa moja asubuhi alisikia sauti ya Lomayani ikimwambia Saruni kwamba leo hafungui kazi, kama kuna pancha aizibe yeye. Fundi matairi wa Mikumi kufunga siku ya Jumamosi, malori yamejipanga, lilikuwa jambo la kushangaza. Kisha pazia likasogea nusu.

"Shikamoo mama," ilisema baraza.

"Marahaba," alisema Selestina. Begi lake lilikuwa mlangoni, limefungwa zipu.

Walicheza. Mara tatu mabirika yaliwaunguza njiani kwa makosa ya kawaida ambayo hayakumwaibisha mtu. Kasian alipiga simu kusema ameshafika nusu ya njia. Mara ya nne walifika darajani, na Selestina akasema kwa sauti ya ubaoni, kila silabi mahali pake, "Kibebe chekundu. Kirushe."

Cha njano kikainama. Kikakibeba chekundu, kikakiweka kichwani, na Namayiana akaacha kupumua. Kikakaa nacho pale. Halafu, polepole, kama mtu anavyoutua mtungi wa maji, kikakitua chini. Nyuma ya dirisha mtu alipumua kwa nguvu. Alikuwa amejaribu. Neno lilishasemwa Alhamisi, na sarufi haikuweza kulirudisha.

Samaki akafanya kazi yake.

Sasa ilikuwa saa nne kasoro robo. Wakarudi mwanzo. Selestina alicheza akijua ni mara ya mwisho, na kwa kuwa alijua, mikono yake ilitulia. Jiwe la kwanza, jiwe la pili, mabirika. Kabla ya daraja cha njano kikaacha njia. Kikapanda kichuguu ambacho hawakuwahi kukipanda, kikagonga gogo mara tatu, na kondoo wa steji ya tisa akatoka, mweupe, wa mviringo, anayelia kwa sauti ya kengele. Namayiana akashangaa. Kwa siku zote hizo hawakumpata kondoo yule.

"Baba, mweke! Ni moyo wako."

Lomayani hakumweka. Aliteremka na kondoo mpaka mbele ya chekundu. Akabonyeza kitufe cha bluu. Kondoo akavuka kutoka mikono ya njano kwenda mikono myekundu, na juu ya kichwa cha Selestina, palepale penye runinga, moyo mmoja ukaongezeka.

"Paker," alisema mtu dirishani. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama anajaribu maji kwa kidole.

Selestina alibaki na pedi mkononi. Somo alilolirudia mara mbili bila kazi lilikuwa limepata kazi. Namayiana alimtazama bibi, akalitazama dirisha, akaziba mdomo kwa plasta.

"Paker," aliitikia Selestina. "Sasa nirushe."

Hakusema kirushe. Mwalimu alijua anachosema.

Cha njano kikainama, kikambeba mama mkwe wake juu ya kichwa, kikazunguka mara moja, kikamrusha. Selestina aliruka juu ya mto wote, mikia miwili inapepea, akajikuta amesimama wima sebuleni. Akatua. Kamba. Vidole vyake vilivyofanya mazoezi kwenye giza la Ijumaa viliiteremsha kabla samaki hajafungua jicho, na cha njano kikaidaka kikapanda, na msumeno ukakata maji matupu.

Muziki ambao hawakuwahi kuusikia ukapiga. Vibonge vikashikana mikono vikacheza. Namayiana alikuwa anapiga kelele za furaha akizunguka mkekani. Selestina alitaka kucheka kistaarabu, akashindwa, akacheka mpaka macho yakafumba. Alipoyafumbua akamkumbuka bibi wa kwenye boksi, akamwomba radhi kimoyomoyo.

Ndipo honi ya pikapu ikalia nje.

Hakuna aliyesogea. Kwenye runinga yakatokea maandishi ya steji ya kumi, na picha ya mlima.

"Zimebaki steji ishirini na moja, Paker," alisema Lomayani. Bado alikuwa ameitazama runinga. "Mimi peke yangu siwezi."

Selestina alikaa tena kwenye mkeka. Akalikaza pindo la kanga, akamwambia Namayiana atoke akamwamkie mjomba wake, amwambie aegeshe gari kivulini, aje anywe chai. Na akirudi, alisema, alirudishe begi la bibi chini ya kitanda, maana limekaa njia ya watu.

Kasian hakuelewa. Aliingia, akatoa shikamoo, akauliza mizigo iko wapi, akaambiwa hakuna mizigo. Aliuliza kuhusu mahindi aliyoambiwa yanamhitaji mama. Mama akamuuliza yeye mahindi yanaendeleaje, akasema vizuri, akaambiwa basi. Lilian, aliyekuja mbio kutoka gesti kumuaga mama yake, alisimama mlangoni akamtazama mumewe dirishani na mama yake chini ya dirisha, akaketi kwenye ngazi akajifuta macho kwa sare ya kazi.

Saa sita bodaboda ikaingia uani. Dereva mbele, ndugu yake Lomayani nyuma, na katikati yao, amekaa kama abiria aliyelipa nauli, kondoo jike mweusi mwenye paji jeupe. Lomayani alikuwa amepiga simu bondeni asubuhi ileile. Namayiana alitumwa kumweleza bibi kwamba baba anasema yule wa kwenye runinga alikuwa wa haraka tu, huyu ndiye mwenyewe. Selestina alimshika kondoo masikio, akamkagua meno kama mkaguzi wa shule, akasema ni mzuri. Lakini Mikumi barabarani, na malori yale, na wale nyani, si mahali pa kondoo. Kwa hiyo Kasian, aliyetoka Masanze kufuata mama, alirudi Masanze na kondoo, na njia nzima, alivyosimulia baadaye, kila alipopunguza mwendo watu walimwuliza kama anamuuza.

Lomayani hakuingia sebuleni siku ile, wala wiki ile. Mambo hayo yana hatua zake, na kondoo mmoja habomoi ukuta kwa siku moja. Ila pazia lilifunguka lote. Na asubuhi shikamoo yake ikawa na jina nyuma yake, na Selestina akaacha kuuitikia ukuta.

Jumapili baada ya kanisa walianza steji ya kumi. Kulikuwa na korongo lenye kina, na ng'ambo yake bendera. Namayiana alisoma picha za maelekezo, akatabasamu. Safari hii cha njano ndicho kinachobebwa, alisema, na chekundu ndicho kinachorusha.

Selestina hakuomba ruhusa ya mtu. Alimbeba mkwe wake juu juu, akazungusha mara moja, kisha kwa msisimko akaongeza ya pili, akamrusha kwa nguvu zote upande usiokuwa na bendera. Kibonge cha njano kiliruka vizuri sana, kikapungua, kikapotea chini kabisa ya korongo.

Dirishani kiti cha mbao kililia.

"Nimekufa, Paker," alisema Lomayani.